Mkunga wa Tangi Dogo

Masikio ya Bi Mkunga yalimtumikia miaka thelathini na mmoja, na siku yalipochoka hayakumwonya. Ilikuwa asubuhi ya kawaida katika wodi ya wazazi. Alimwinamia mama mmoja aliyekuja na uchungu wake wa kwanza, akaweka kile kipembe cha mbao tumboni, akatega sikio la kushoto, sikio lake la kazi, asikilize moyo wa mtoto. Hakusikia kitu. Akasogeza kipembe kidogo. Kimya. Akageuza kichwa, akaweka sikio la kulia, na hapo moyo ukaja, du-du-du-du, lakini kwa mbali, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu.

Alimwita mwenzake athibitishe. Moyo ulikuwa mzuri kabisa. Mtoto akazaliwa kabla ya saa sita mchana, akapiga ukelele uliosikika mpaka jikoni. Bi Mkunga akanawa mikono, akavua aproni, akaenda moja kwa moja ofisini kwa matroni.

"Nitoe wodini," alisema.

"Kuna nini? Umegombana na nani?"

"Sikio la kushoto limekufa, la kulia liko njiani. Sitaki siku moja nikae kimya kwa sababu sisikii, halafu watu wadhani nimekaa kimya kwa sababu mambo ni shwari."

Matroni alijaribu kumbakiza. Akampa meza ya kuandikisha wagonjwa. Huko nako hakukukalika: mama aliyesema ana mimba ya miezi sita aliandikwa ana watoto sita, na mama mwenyewe alipoona kadi yake nusura azimie. Baada ya miezi miwili Bi Mkunga akaomba kustaafu, akaagwa kwa maua na hotuba ambazo nusu yake hakuisikia, akarudi nyumbani.

Nyumbani palikuwa na vyumba viwili na sebule, na sebuleni, karibu na dirisha, palikuwa na meza ya mumewe. Mumewe alikuwa fundi saa. Mchana kutwa alikaa pale na kioo chake kidogo jichoni, akichokonoa matumbo ya saa za watu, na kwa miaka mingi alikuwa na nyumba peke yake mpaka jioni. Sasa alikuwa na mke. Mke aliyezoea kuamka saa kumi na moja, kutembea kilomita kadhaa wodini na kuamua mambo ya watu kumi kwa wakati mmoja, sasa ana sufuria na ufagio tu.

"Mke wangu," alisema yule fundi siku moja, akihakikisha yuko upande wa kulia, "hizo sufuria umezisugua mpaka zimebaki ngozi. Ukiendelea tutapika juu ya moto mtupu."

Mkewe alicheka, lakini aliacha sufuria akaenda kusugua madirisha.

Binti yao alikuwa daktari wa meno. Alikuwa akihamisha kliniki yake kutoka chini kwenda ghorofa ya tatu, na katika chumba cha kusubiria alikuwa na tangi la kioo la lita mia na kumi, la maji ya chumvi, aliloliweka ili watu waangalie samaki badala ya kufikiria sindano. Samaki wake wawili alishampa rafiki. Tangi halikupandika ngazi.

"Mama, lichukue wewe," alisema. "Pampu ipo, hita ipo, taa ipo, mawe yapo. Usipolitaka nitaligawa."

"Nitalifanyia nini?"

"Utaweka samaki, utawaangalia."

"Nikishawaangalia?"

Fundi saa akaingilia kutoka mezani kwake, bila kuinua kichwa. "Tangi lipo, mkunga yupo. Kilichobaki ni maji."

Binti akaangua kicheko. "Baba, ujue kweli kuna samaki anaitwa mkunga. Yule mrefu, kama nyoka. Wapo watu wanaomfuga."

Maneno hayo yalisemwa kwa mzaha, na kwa wengine yaliishia hapo. Bi Mkunga hakuyaacha. Kesho yake alikwenda maktaba akaazima kitabu kinene chenye picha za samaki wa baharini, akakisoma kama alivyosoma vitabu vya ukunga enzi za uanafunzi wake, penseli mkononi na daftari pembeni. Baada ya siku tano alikuwa anajua mambo matatu, na aliyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kwamba mkunga ni fundi wa kutoroka, na penye tundu atapenya; kwamba mkunga mmoja akikua ni shubiri moja, na mwingine akikua ni urefu wa mtu mzima, na wote wakiwa wadogo wanafanana; na kwamba wengi wanaokufa katika matangi ya watu hufa kwa njaa, wakiwa wamezungukwa na chakula.

Hilo la tatu lilimkaa kichwani.

Wakaleta tangi, wakaliweka sebuleni ukutani, mbali na jua. Akachanganya maji na chumvi, akapima, akaongeza, akapima tena. Akapanga mawe yawe na mapango na njia za kupenyea. Pampu ikaanza kuunguruma, na binti yake, aliyekuja kusaidia siku ya mapumziko, akapiga makofi. "Haya, kesho tukanunue!"

"Kesho?" alisema Bi Mkunga. "Maji haya hayajakomaa. Lazima kwanza waote humo vijidudu vya kula uchafu. Wiki sita."

"Wiki sita za kutazama mawe?"

"Wewe nilikutazama miezi tisa na hukuwa hata na taa."

Fundi saa alicheka mpaka kioo kikamtoka jichoni.

Wiki sita zikapita. Kila asubuhi Bi Mkunga alichota maji kidogo kwenye kijichupa, akadondosha dawa, akatazama rangi. Mwanzoni rangi ilikuwa ya kijani kibichi, ndiyo kusema amonia, sumu ya uchafu, imejaa na samaki yeyote angeungua matamvua yake ya kupumulia. Polepole kijani kikafifia kikawa njano, na njano ikabaki njano siku saba mfululizo. Ndipo akavaa viatu vya kutokea, akabandika kifuani ile saa yake ya kazi, ambayo wauguzi huivaa ikiwa imening'inia kichwa chini, akaenda dukani.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya mpiga chapa na mshona mapazia. Ndani kulikuwa na mwanga wa buluu na matangi yaliyopangwa kuta zote mbili hadi dari. Mwenye duka alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, na wateja walimwita Profesa kwa sababu ukimwuliza saa atakueleza jinsi saa ilivyovumbuliwa. Alianza kueleza Bi Mkunga alipokuwa bado mlangoni.

"Mwanangu," alimkatiza, "njoo upande huu. Sikio hilo ni pambo."

Profesa akazunguka. "Samahani, Mama. Ulikuwa unatafuta nini?"

"Mkunga. Kwa tangi la lita mia na kumi. Sijawahi kufuga samaki hata siku moja, kwa hiyo usinipe wa kujifunzia wewe, nipe wa kujifunzia mimi."

Profesa alimpeleka kwanza kwa mkunga wa milia, mweusi mwenye pete nyeupe toka kichwani hadi mkiani, aliyejikunja juu ya jiwe kama mshipi wa gharama. Alikuwa mrefu kama mkono wa mtu mpaka kiwiko. Bi Mkunga alimsifu, kisha akauliza atafika wapi.

"Akishiba vizuri? Mita moja na zaidi."

"Huyo atahitaji chumba chake, na mimi na mume wangu tutalala nje. Mwingine."

Wa pili alikuwa mweupe mwenye mabaka meusi, kana kwamba mtu alimkung'utia wino. Profesa akachangamka. "Huyu, Mama, ndiye wanayeanza naye karibu wote. Mpole, mgumu, hachagui chakula." Akachukua koleo, akashusha kipande cha nyama ya kamba wa baharini, na mkunga akakipokea mara moja akakimeza. Bi Mkunga akatikisa kichwa kwa kuridhika. Huyu alikuwa mzima wa afya, hata asiyejua samaki angeona.

"Na huyu atafika wapi?"

Profesa akajikuna shingo. "Tuseme kama mkono wako. Begani hadi vidoleni."

Bi Mkunga akaunyoosha mkono wake mbele ya kioo, akautazama. Tangi lake lilikuwa na urefu wa sentimita themanini, na ndani yake kulikuwa na mawe. "Atageukaje?"

"Watu wengi wanaanza na tangi dogo, Mama, akikua wananunua kubwa."

"Wanaosema hivyo ni wengi. Wanaonunua kweli ni wangapi?"

Profesa akarudisha koleo mahali pake. Kwa mara ya kwanza siku ile alijibu kwa neno moja. "Wachache," alisema.

"Basi mimi nisijidanganye. Pale sebuleni kuna meza ya saa, viti viwili na mume. Tangi kubwa haliingii. Mwingine."

Wa tatu ndiye aliyemtia majaribuni. Alikuwa mwembamba kama utepe, buluu ya kung'aa, na mgongoni alikuwa na pezi la njano lililokimbia toka kichwani hadi mwisho. Alijitokeza nusu kutoka kwenye bomba, akayumba taratibu, mdomo wazi, puani ana vijani viwili kama vipepeo. Bi Mkunga alisimama mbele yake akasahau alichokuwa anataka kuuliza. Alijiona asubuhi na kikombe chake, ameketi mbele ya buluu ile. Kwa dakika nzima alikuwa amekwisha kumnunua.

Kisha mazoea ya kazi yakamrudia, akamtazama kama anavyotazamwa mtoto mchanga, kuanzia kichwani kwenda chini. Ubavuni, nyuma ya kichwa, ngozi ilikuwa imebonyea.

"Ana siku ngapi hapa?"

"Wiki tatu hivi."

"Amekula mara ngapi?"

"Bado anazoea."

"Nimeuliza mara ngapi, mwanangu."

Profesa akatazama chini. "Bado."

"Hebu mjaribu."

Kipande cha kamba kikashushwa. Yule mkunga wa buluu akageuza uso taratibu, kama mtu anayepita nyumba ya mtu aliyemkosea. Wakajaribu na kipande cha ngisi. Akarudi ndani ya bomba.

"Ningemtaka huyu kuliko wote," alisema Bi Mkunga, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Lakini mimi ndiyo kwanza naanza, na yeye anahitaji mtu anayejua zaidi yangu. Pengine zaidi yako pia, usinichukulie vibaya."

Alikuwa ameshageuka aende zake alipoliona tangi la chini kabisa, usawa wa magoti, ambalo halikuwa na kitu ila mchanga na kipande cha bomba la plastiki.

"Na humu?"

"Humo yupo mmoja, lakini hata mimi simwoni," alisema Profesa. "Aliletwa pamoja na mzigo. Mkunga wa dhahabu. Mdogo sana. Wateja wanapiga kioo, hatoki, wanaondoka."

"Atafika wapi?"

"Huyo ameshafika. Shubiri na ushee, basi."

Bi Mkunga akaomba stuli. Akaketi mbele ya tangi lile, mkoba mapajani, akatulia. Wateja waliingia na kutoka. Mmoja alimwuliza Profesa kwa sauti ya chini kama yule mama amezidiwa. Saa moja ikapita, na nyingine ikaanza. Kukaa hivi ndiyo ilikuwa kazi yake tangu ujana, kukaa karibu na jambo lisilotaka kuharakishwa na kutolionyesha uso wa wasiwasi. Ndipo kwenye mdomo wa bomba pakatokea ncha ya njano, nyembamba kama kidole cha mtoto, na nyuma yake jicho moja la kibuluu.

Mdomo ulikuwa ukifunguka na kufunga, ukifunguka na kufunga.

"Amekasirika huyo," alisema mteja aliyechungulia juu ya bega lake. "Anataka kuuma."

"Anapumua," alisema Bi Mkunga. Tayari alikuwa ameinua saa yake kifuani na kuanza kuhesabu. Thelathini na mbili kwa dakika. Akahesabu tena. Thelathini na mbili. Pumzi zilikuwa sawa, hazikurukaruka, na ubavu wake ulikuwa umejaa. Akasikia kitu kikilegea kifuani mwake, kitu ambacho kilikuwa kimekazwa tangu asubuhi ile ya kipembe. Hesabu hii haikuhitaji masikio.

"Simchukui leo," alimwambia Profesa. "Kesho nitakuja nimwone akila. Akila, ni wangu."

Jioni ile alimpa mumewe kazi. Tangi lilitaka kifuniko kisichoacha tundu lolote la kupita kidole kidogo, penye pampu, penye waya wa hita, pembe zote nne. Fundi saa alipima kwa vile vipimo vyake vya saa, akakata wavu mgumu, akaukaza na vishikizo, na kila mkewe alipoonyesha upenyo aliuziba bila kubisha. "Nimefungua saa zenye nafasi kubwa kuliko hii," alisema alipomaliza, akijipongeza mwenyewe.

Siku ya pili mkunga wa dhahabu alikataa kipande cha kwanza, akakitema cha pili, cha tatu akakimeza. Bi Mkunga akamsafirisha kwa miguu katika ndoo yenye kifuniko, akitembea kama aliyebeba mayai. Nyumbani hakummwaga tangini. Alichukua mpira mwembamba wa dripu wenye kile kigurudumu cha kubania, akaweka maji ya tangi yadondoke ndooni tone kwa tone, saa nzima, ili samaki ayazoee. Kisha akamwachia. Mkunga akapita mchangani kama mstari wa penseli ya njano, akaingia chini ya mawe, akapotea.

Akapotea kweli. Siku ya kwanza hakuonekana, hilo halikumshangaza mtu. Siku ya tatu hakuonekana. Kila siku ya pili Bi Mkunga alishusha kipande kidogo cha kamba kwa koleo, akakiacha karibu na pango muda mfupi, akakitoa kama kilivyo. Siku ya kumi binti yake alifika, akapiga magoti mbele ya kioo, akazunguka pande zote.

"Mama, amekufa huyu."

"Hajafa."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Ila angekuwa amekufa maji yangesema. Mzoga hauwezi kufichika kwenye lita mia na kumi. Nimepima leo asubuhi, maji safi."

"Basi tuinue mawe tuhakikishe."

"Wewe unang'oa meno, wakati wako unauchagua mwenyewe," alisema Bi Mkunga kwa upole. "Kazi yangu mimi haikuwa hivyo. Ukiinua mawe leo, hata kama yu hai, atahesabu upya siku zake za uoga. Mwache."

Binti alimtazama baba yake apate msaada. Baba yake alikuwa ameinamia saa, anajifanya ni yeye asiyesikia.

Siku ya kumi na mbili Bi Mkunga alipodondosha dawa kwenye kijichupa, rangi haikubaki njano. Iliingia kijani. Kidogo tu, lakini kijani. Akapima tena, na tena kijani.

Akaketi. Mumewe alipoinua kichwa alimkuta ameshika tama mbele ya tangi, kijichupa mkononi, na kwa jinsi walivyoishi muda mrefu alijua mara moja kwamba hili si la mzaha. Akaja upande wa kulia.

"Vipi?"

"Maji yamesema."

Bi Mkunga alitazama yale mawe na kimya kile kile cha kipembe kikamrudia, kile cha kuinamia kitu chenye uhai na kutosikia jibu. Akafikiri kwamba pengine alikuwa amejiamini kupita kiasi. Pengine binti yake alisema kweli. Mkono ukamwendea kifunikoni, aviondoe vishikizo, ainue mawe, aone.

Akauzuia. Wodini hakuwahi kumgusa mama kabla ya kusoma kadi yake. Akachukua daftari badala yake, akaanza kusoma siku moja moja. Vipande vya kamba vilivyoingia: vitano. Akafuata kwa penseli. Vilivyotoka: vinne. Siku ya nane, siku ambayo umeme ulikatika ghafla na alikimbilia pampu, aliandika kipande kimeingia, na mbele yake hapakuwa na neno.

"Baba watoto," alisema, akisimama. "Lete tochi. Kuna nyama ilisahaulika humu."

Waliipata nyuma ya pampu, imevimba, imefanya utando mweupe. Aliitoa, akabadilisha robo ya maji, na mchana kutwa hakula vizuri. Kesho yake kijani kilikuwa kimefifia. Siku iliyofuata, ya kumi na nne, ilikuwa njano tupu.

Na siku hiyo hiyo mumewe, aliyekuwa hajasema kitu lakini alianza kuona haya kwa kumwacha mkewe asumbuke peke yake, alilala chini kifudifudi mbele ya tangi na kioo chake cha saa jichoni. Mzee wa watu, miguu imefika mlangoni. Alikagua tundu moja baada ya jingine kama anayetafuta jino lililovunjika kwenye gurudumu.

"Njoo," alisema ghafla. "Njoo, njoo, lakini usitembee kwa kishindo. Jiwe la pili, chini, tundu la kushoto. Puani pake nimepaona."

Bi Mkunga akalala chini kando yake. Alichukua kioo, akatazama. Ncha ya njano, jicho la kibuluu, mdomo ukifunguka na kufunga. Akageuza saa kifuani. Thelathini na tatu.

"Yu mzima," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, wote wawili wakiwa wamelala sakafuni kama watoto.

Sasa, kumwona ni jambo moja, kumlisha ni jingine. Alifikiri. Mkunga haoni mbali, ananusa. Pampu ikiwa inafanya kazi, harufu inatawanyika tangi zima na samaki hajui aende wapi. Akaizima. Tena koleo lake lilikuwa la chuma cheupe kinachong'aa, na kila lilipoingia mwanga uliruka majini. Akatazama mezani kwa mumewe, akaona kile kijiti cha mti, chembamba, ambacho mafundi saa husafishia vijitundu.

"Naazima."

"Hicho ni cha kazi!"

"Na hii ni nini?"

Akachomeka kipande cha kamba kidogo kama punje ya mchele, akakishusha mpaka karibu na lile tundu, akakitikisa kidogo sana, akaacha. Akasubiri. Ncha ya njano ikasogea mbele. Ikarudi. Ikasogea tena, safari hii na shingo nyuma yake. Kisha kijiti kikavutwa mkononi mwake, nguvu ndogo ambayo hakuitegemea kwa kiumbe kile, na punje ikawa haipo.

Fundi saa alipiga ukelele ambao mkewe aliusikia kwa masikio yote mawili, ama ndivyo alivyodai baadaye.

Kuanzia hapo mkunga alikula kila Jumanne na Ijumaa, na baada ya miezi miwili alikuwa anatoka nusu mwili akimwona Bi Mkunga amekuja na kijiti. Binti alifika, akaona, akasema "Haya, Mama, nimenyamaza," na kwa mtu wa kazi yake hilo si jambo dogo.

Profesa alipiga simu mara mbili, lakini kwa simu Bi Mkunga alikuwa hasikii ila mvumo, kwa hiyo siku moja akaja mwenyewe. Hakuja kueleza. Alisimama mbele ya tangi, akamwona mkunga wa dhahabu akipokea chakula.

"Yule wa buluu," alisema. "Hajala mpaka leo. Naomba uje umwone."

Bi Mkunga alikwenda. Walimfunikia tangi kwa karatasi awe na giza, wakazima pampu, wakajaribu kijiti, wakajaribu kamba, ngisi, mwishowe visamaki vidogo vilivyo hai. Alikula kimoja. Wote wawili wakapeana mikono. Samaki hakurudia tena. Wiki iliyofuata, mchana, akiwa ametoka nje ya bomba lake urefu wake wote, akafa.

Profesa alikuja nyumbani na habari hiyo, akajaribu kulitafutia maelezo. Bi Mkunga alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema, "Sijui. Na wewe hujui. Basi usimlete mwingine mpaka mmoja wetu ajue." Profesa akachukua karatasi yake ya oda, akatafuta mstari, akaukata kwa kalamu mbele yake.

Kisha akamwomba kitu ambacho inaonekana alikifikiria njia nzima. Kama angeweza kuwa anakuja dukani Jumatano na Jumamosi, akae tu kwenye ile stuli, azungumze na watu wanaotaka mikunga.

"Nitakufukuzia wateja," alimwonya.

"Wachache," alisema Profesa. "Wengine watarudi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Alikalia stuli yake karibu na mlango, wateja wakijua kukaa upande wake wa kulia, na yeye alimwuliza kila mmoja maswali kwa mpangilio: tangi lina lita ngapi, limekaa siku ngapi na maji, kifuniko kikoje, nani atamlisha ukisafiri. Wapo waliokasirika. Wapo waliotoka na kitabu badala ya samaki. Profesa alikuwa akimsikiliza kutoka nyuma ya kaunta, na mara nyingi sasa mtu akimwuliza jambo alijibu kwa sentensi moja.

Jumamosi moja aliingia dereva wa lori, jitu la mtu, mabega yamejaa mlango mzima. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mkunga wa milia, akabandika kidole kwenye kioo.

"Huyu. Nifungie huyu."

"Karibu, kaka yangu," alisema Bi Mkunga. "Tangi lako lina ukubwa gani?"

Dereva akaonyesha kwa mikono, kama anayebeba katoni ya sabuni.

"Sawa. Sasa nyoosha mikono yote miwili. Zaidi. Nyoosha mpaka mwisho." Dereva akanyoosha, na mkono mmoja ukagonga ukuta wa kushoto wa duka, wa pili ukakaribia ukuta wa kulia. "Kuanzia kidole hiki mpaka hapa katikati ya kifua na kuzidi. Huko ndiko anakokwenda huyu. Ungependa kuishi kwenye katoni?"

Dereva alijitazama, mikono imetanda, wateja wawili wamejikunja kumkwepa. Akaanza kucheka, kicheko cha mtu mkubwa, kilichotikisa maji ya matangi ya juu.

"Basi nipe anayenienea," alisema.

"Anayelienea tangi," alimsahihisha Bi Mkunga, akavuta stuli ya pili. "Kaa. Tuanze na maji."